Upepo wa Kisogoni

Jumamosi, 6 Juni

Kiangazi kimeingia leo, na mama mkwe wangu naye kaingia, vyote asubuhi moja kabla sijanywa chai.

Daftari hili nililinunua la kuandikia vipimo vya viti vya wateja. Mbele litabaki la vipimo. Huku nyuma nitaandika haya, maana nisipoyatoa mahali nitakuja kumjibu mtu mzima vibaya, na mume wangu hana mama mwingine.

Mama alikuwa mwalimu wa udereva miaka thelathini na mitano. Nusu ya mji huu imejifunza gari chini ya makelele yake. Hata leo akipita sokoni wanaume wenye mvi wananyoosha migongo. Mtaani wanamwita Mwalimu Breki. Alipostaafu, wenzake walijenga vyumba vya kupangisha. Yeye akanunua gari jekundu la mbio, la viti viwili, lenye paa la turubai la kukunja, likiwa gofu ambalo kuku walishahamia. Miaka mitatu amelifufua skrubu moja moja. Mwezi uliopita zamu ikanifikia mimi fundi wa viti: nikamshonea kiti kipya cha dereva, siku tisa nzima, ngozi nyeusi, mshono mara mbili. Kumshonea mama mkwe si jambo la mzaha.

Leo kaja macho mekundu kama pilipili, machozi yanamchuruzika.

"Shikamoo, Mama. Kuna msiba?"

"Marahaba. Hakuna msiba, kuna upepo. Tangu mwezi uliopita nikiendesha paa likiwa wazi unanichapa mpaka nalia. Nimetoka kwa daktari wa macho. Kwa umri wangu leseni haiongezwi bila saini yake. Kasema nirudi tarehe thelathini na moja Julai, na nikirudi na macho haya, saini hatii."

"Si ufunge tu paa, Mama?"

Akaniangalia kama anavyomwangalia mtu aliyewasha taa ya kulia akakata kushoto. "Nikifunga, turubai linaziba kila kitu nyuma ya bega, na shingo yangu hii imechoka kugeuka. Nikifungua, nalia. Sasa niambie, mkwe, niendeshe bila kuona au niendeshe nikilia? Wewe ni fundi. Nitolee upepo humu ndani."

Kumtolea mtu upepo! Nilitaka kucheka, nikaona uso wake nikameza kicheko. Bila saini hakuna leseni, na bila leseni huyu mama atakaa sebuleni kwetu akitukosoa mpaka mwisho wa dunia. Kwa usalama wa ndoa yangu nimekubali kazi. Kaniachia ufunguo wa gari ambalo hata kuliwasha sijui. Mimi sijawahi kujifunza. Mwaka nilioolewa aliniambia njoo nikufundishe, nikakataa, kwa sababu wiki ileile nilimwona akimfokea baba mmoja kwenye mzunguko wa magari wa sokoni mpaka yule baba akashuka, akaenda zake kwa miguu.

Jumatatu, 8 Juni

Upepo unatoka mbele. Hilo hata mtoto wa chekechea analijua. Nimekata plastiki ngumu inayopitisha mwanga, nimeifunga juu ya kioo cha mbele kukiongezea kimo cha shubiri moja. Kazi safi. Nimejipongeza kwa soda.

Jumanne, 9 Juni

Viti vya basi. Vumbi.

Jumatano, 10 Juni

Loo, aibu gani hii.

Tumekwenda kujaribu, Mama kwenye usukani, mimi abiria. Mwendo wa arobaini plastiki ikaanza kupiga mluzi. Mwendo wa sitini mluzi ukawa kilio. Themanini ikang'oka yote, ikapita juu ya vichwa vyetu, ikaenda kutua kwenye shamba la mtu. Mama hakutikisika. Akaangalia kioo, akapunguza mwendo, akaegesha nje kabisa ya barabara, akawasha taa za tahadhari, akaniambia, "Kilichoanguka ni chako. Kakiokote."

Nimepita katikati ya miche ya watu na viatu vya wazi. Niliporudi alikuwa anajifuta macho. "Mkwe," akasema, "upepo unanipiga kisogoni."

Kisogoni! Mzee wa watu, nikawaza, amekula chumvi nyingi, hajui hata anakopigwa.

Jumapili, 14 Juni

Kama anasema kisogoni, basi kisogoni. Ijumaa na jana nimemshonea masikio mawili makubwa ya sponji kila upande wa egemeo la kichwa, kama ya kiti cha mfalme. Leo tumejaribu. Upepo umeingia kwenye masikio ukakosa pa kutokea. Anasema ilikuwa kama kuendesha na kichwa ndani ya ndoo. Nimeyang'oa.

Alhamisi, 18 Juni

Mama kaja kuulizia maendeleo, akakwaruza nguzo ya geti langu kwa ubavu wa kushoto wa gari. Yeye! Fundi wa kuchomelea wa jirani, tunayemwita Cheche, kaacha kazi akatoka nje kushuhudia. Mama akashuka, akautazama mkwaruzo muda mrefu. "Machozi," akasema. Akaomba radhi kwa nguzo, mimi sikuombwa.

Jumamosi, 20 Juni

Leo nimefundishwa, na nitaandika yote, hata yasiyonipendezesha.

Mama kafika saa mbili, katoa mkobani donge la uzi mwekundu wa sufu, mkasi na gundi ya karatasi. "Miaka yote niliwaambia wanafunzi: usikisie, tazama," akasema. "Sisi wawili tumekisia wiki mbili."

Tukakata vipande vya uzi vya urefu wa kidole, tukavibandika kila mahali: juu ya kioo cha mbele, kwenye milango, juu ya migongo ya viti, kwenye egemeo, kwenye upenyo kati ya viti viwili. Gari likawa limeota manyoya. Cheche akauliza kama tunakwenda harusini, Mama akamtazama, naye akakumbuka ana kazi.

Kazi yangu ilikuwa kusoma nyuzi na kuziandika. Tulipofika mwendo wa sitini nikaanza na za kioo cha mbele. Zimelala nyuma, kama nilivyojua. Nikageukia za migongo ya viti. Nikadhani nimekosea. Nikafumba macho, nikafumbua.

"Mama, hizi za nyuma zinaelekea mbele!"

"Zote?"

"Zote! Za kati ya viti ndizo zimekazana zaidi."

Yaani upepo unapanda kioo cha mbele, unaruka juu ya vichwa, unaanguka nyuma ya viti, halafu unageuka na kurudi mbio kumpiga mtu kisogoni, na kutoka hapo unazunguka mashavu mpaka machoni. Ndivyo alivyoniambia siku kumi zilizopita. Nikangoja aseme "nilikwambia". Mimi ningesema. Ningesema mara tatu. Yeye akasema tu, "Andika," akabadilisha gia.

Tuliporudi nikamwambia, "Mama, nisamehe. Ulisema kisogoni, sikukusikia."

"Ulinisikia vizuri. Hukuniamini. Wanafunzi wote huwa hivyo wiki ya pili."

Nimeoga, nimekula, na bado namfikiria. Mtu wa umri ule, macho yanamwasha, badala ya kulalamika kaenda dukani kanunua uzi.

Jumatano, 24 Juni

Ukuta nyuma ya viti. Nimetumia ubao. Kimya kitupu, lakini Mama hakutoka hata getini. "Kioo cha kati kinanionyesha mbao. Nyuma yangu kuna lori au kuna ng'ombe, nitajuaje?" Kweli tupu.

Ijumaa, 26 Juni

Chandarua. Kimevimba kama shavu la mwenye jino bovu, kikachanika.

Jumatano, 1 Julai

Wavu mweusi mgumu, ule wa madirishani wa kuzuia mbu! Cheche kachomelea fremu ya bomba jembamba, mimi nimeuvuta wavu mpaka ukapigika kama ngoma, nikaushona kwa uzi wa viatu. Tundu zake zinavunja nguvu za upepo, na bado unaona lori lilipo. Upenyo kati ya viti nimeuziba kwa mto nilioushona kwa mabaki ya ngozi yake mwenyewe, umeingia pale kama kizibo.

Cheche hakutaka kulipwa. Anasema Mwalimu ndiye aliyemfundisha gari. "Alinifokea siku moja nikamchukia mwezi mzima. Baadaye likaja lori halina breki, mkono wangu ukafanya alichofoka, kabla kichwa hakijajua." Kasema hivyo huku anasugua bomba, hakuniangalia.

Tumejaribu. Jamani! Mwendo wa sabini nimefungua daftari hili na kurasa zimetulia. Nikamgeukia Mama nikiwa nacheka.

Alikuwa analia machozi.

Jumatatu, 6 Julai

Sielewi. Kwangu shwari, kwake tufani. Gari moja, wavu mmoja.

Alhamisi, 9 Julai

Asubuhi hizi zina baridi ya kiangazi. Mama kanionyesha mambo yake ya starehe: vioo vya milango vipandishwe juu hata kama paa liko wazi, kipasha joto kielekezwe miguuni, maana miguu ikipata joto kichwa hakilalamiki, kitambaa cha kichwa kifungwe fundo kidevuni na ncha zichomekwe ndani ya koti, kisije kupepea na kumchapa mtu. Anafunga kwa mkono mmoja kwa sekunde nne. Mimi nimefunga mara tatu, nikafanana na mgonjwa wa meno. Kacheka mpaka akashika boneti. Sikuwahi kumsikia akicheka hivyo miaka yote hii.

Siku ishirini na mbili zimebaki.

Jumamosi, 11 Julai

Nataka kujipiga kofi.

Leo nimerudisha nyuzi mbili tu: moja kwenye egemeo langu, moja kwenye lake. Mwendo wa sabini, uzi wangu umelala usingizi. Wake unacheza kama una pepo. Nikamtazama. Mama na mimi kimo kimoja, gauni moja hutuenea wote wawili. Lakini pale garini kichwa chake kilikuwa juu ya changu. Kitambaa chake kilipita ukingo wa wavu, na paji la uso lilikuwa limefika juu kabisa ya kioo cha mbele. Alikaa nje ya gari kuanzia nyusi kwenda juu!

Nikamwomba aegeshe. Nikachomeka sindano ndefu kwenye kiti changu cha abiria, kile cha zamani ambacho sijakigusa, nikapima. Nikachomeka kwenye chake. Tofauti ni vidole vinne vya sponji.

Vidole vyangu. Mimi ndiye niliyeviweka. Mwezi wa tano nilisema mama mkwe hawezi kukalia kiti cha kawaida kama mteja wa basi, nikamwongezea sponji ya daraja la kwanza, nene, ngumu, ili kila atakayekiona aseme huyu mwanamke anamheshimu mama wa mumewe. Nilimpandisha kwa heshima mpaka nikamtia kwenye upepo. Na machozi yalianza lini? Mwezi wa tano.

Kuinua wavu hakutasaidia, maana uso wenyewe umepita kioo. Dawa ni kushusha kiti.

"Mama," nikamwambia, "ulijua?"

Akashika usukani gari likiwa limezimwa. "Tangu siku ya pili."

"Ukanyamaza? Wewe? Wewe unayemkosoa mwanao anavyofungua mlango wa friji?"

"Friji ni friji. Kiti kile ulikishona siku tisa. Mwanangu aliniambia ulikuwa unaamka alfajiri kwa ajili yake. Ulikileta umekifunika shuka, ukakifunua mbele ya majirani. Ningesemaje, mkwe? Nikuambie kikate?"

"Ndiyo! Uniambie kikate!"

"Nilidhani utaweza kuzuia upepo bila kukigusa. Nikasema nikupe nafasi."

Yaani alikubali kuhatarisha leseni, kitu pekee anachokipenda baada ya watoto wake, kuliko kunivunja moyo kwa sababu ya sponji. Na mimi humu ndani ya daftari nimemwita mzee wa kula chumvi. Nimeona haya, nimelia kidogo, halafu nikakasirika, maana kweli angenambia tungeokoa mwezi mzima! Vyote vitatu kwa pamoja, na bado sijui kipi ni kipi.

Jumatatu, 13 Julai

Nimekifumua kiti. Nimekata vidole vinne, nikakata na cha tano ili kiuno kizame kidogo na mgongo upate pa kuegemea. Mshono ule wa mara mbili uliniuma kuufumua kama kung'oa kucha. Sasa ni kiti kifupi, cha kawaida, hakuna jirani atakayekisifu.

Jumatano, 15 Julai

Imetulia.

Tumepita barabara kuu mpaka darajani na kurudi, mwendo wa themanini, paa wazi, jua usoni. Kitambaa chake hakikutikisika. Tulizungumza kwa sauti za jikoni. Na nilimwona kwa mara ya kwanza akiendesha bila kujifuta macho. Nimeishi na familia hii miaka ishirini, sikujua mama mkwe wangu ni mzuri kiasi hiki akiwa na usukani. Mikono yake haina haraka. Kona anaianza mbali, unajikuta ndani yake hujui umeingia saa ngapi. Akipishana na baiskeli anaipa nafasi ya mtu kuanguka. "Huwa wanaanguka," anasema, "si wote, lakini hujui ni yupi."

Alhamisi, 30 Julai

Macho meupe kama ya mtoto mchanga. Wiki mbili bila chozi. Kesho.

Ijumaa, 31 Julai

Daktari wa macho ni kijana, naye pia alifundishwa na Mama. Kila mtu kafundishwa na Mama. Alimpokea kwa mikono miwili, akamulika macho yake, akafurahi. "Mwalimu, yamepona kabisa! Hayana hata wekundu. Ule upepo mmeufanyaje?" Mama akaninyooshea kidole, nikavimba kichwa.

Halafu akampeleka kwenye mashine nyingine. Mama aweke kidevu, abonyeze kitufe kila akiona nukta ya mwanga. Nilikuwa nimekaa pembeni nikisikia kitufe. Jicho la kulia, kitufe kililia mfululizo. Jicho la kushoto, kikalia mara chache. Kikanyamaza muda mrefu. Daktari akarudia tangu mwanzo. Kikanyamaza palepale.

Alivuta kiti akakaa karibu naye. Alisema ni ugonjwa wa ndani ya jicho, unaingia kimyakimya bila maumivu. Dawa ya matone itauzuia usiendelee, lakini upande uliopotea haurudi. Si upepo. Upepo haukuhusika kabisa. Nikakumbuka ile nguzo ya geti langu, ubavu wa kushoto.

"Nikitumia matone, utatia saini?" Mama akauliza.

Kijana wa watu akainamisha kichwa. "Mwalimu, wewe ndiye uliyenifundisha mimi. Mtu asiyeona upande mzima, wewe ungempa gari?"

Nilitaka Mama aseme uongo. Nilitaka afoke.

"Nisingempa," akasema.

Akafungua mkoba, akatoa leseni yake, akaiweka mezani kabla hajaombwa. Akainyoosha ikae sawa na ukingo wa meza. Akauliza matone ni mara ngapi kwa siku.

Nje, gari lilikuwa limeegeshwa kwenye kivuli, paa wazi. Mimi siendeshi. Mume wangu leseni anayo, lakini tumbo lake na usukani wa gari lile havipatani hata kwa mafuta. Nikampigia Cheche. Tulimngoja nusu saa, Mama kasimama karibu na gari bila kuliegemea. Cheche alipofika, Mama akampa ufunguo, akazunguka upande wa abiria. Viti ni viwili. Mimi nikapanda basi, nikalia njia nzima mbele ya watu nisiowajua.

Jumamosi, 1 Agosti

Hakuja.

Jumatatu, 3 Agosti

Hakuja. Mume wangu kaenda kumwona. Anasema amefagia ua mara tatu, na gari kalifunika turubai.

Alhamisi, 6 Agosti

Nimeshona kiti cha lori vibaya, nimefumua. Natamani aje anikosoe. Sikudhani nitakuja kuandika sentensi hii.

Jumamosi, 8 Agosti

Kaja kwa miguu. Viatu vimejaa vumbi, mgongo umenyooka vilevile. Akakataa chai.

"Wewe wateja wako ni watu wa magari," akasema. "Nitafutie mnunuzi. Asiwe kijana wa kujionyesha. Mtu mwenye mikono mizuri."

Nilikuwa nimelala siku saba na jambo hili. "Nimeshampata, Mama."

"Haraka hivyo? Nani?"

"Mimi."

Akaitazama mikono yangu, yenye makovu ya sindano. "Wewe hujui hata kuliwasha."

"Nifundishe."

"Nilikuambia hivyo mwaka ulioolewa, ukakimbia."

"Nilikuogopa."

"Na sasa?"

"Bado nakuogopa. Nifundishe hivyohivyo."

Akakaa kwenye marobota ya sponji. Muda mrefu akawa anachezea kipande cha ngozi kilichokuwa hapo. Nilidhani atakataa. Kisha akasema, na sauti yake ilikuwa imerudi ile ya mzunguko wa sokoni: "Barabarani sikufundishi. Leseni sina, na sheria niliyowaimbia watu miaka thelathini na mitano siivunji leo kwa sababu imenigeukia mimi. Barabarani utakwenda na mwalimu wa shule ya udereva, kwa gari la shule. Mimi nitakufundisha ndani ya uwanja wa kiwanda kilichofungwa, mlinzi tutamwomba. Nitakufokea."

"Nifokee."

"Utalia."

"Nililia basini juzi, sikufa."

"Lete hiyo chai," akasema.

Jumamosi, 15 Agosti

Cheche katuletea gari uwanjani, nalo limenizimikia mara kumi na moja. Mlinzi wa kiwanda kaleta kiti atazame vizuri.

Jumatano, 19 Agosti

Mara nne. Paja la kushoto linauma kwa klachi.

Jumapili, 23 Agosti

Leo kafoka mara kumi na nne. Nimezihesabu, kwa hasira, nije niziandike hapa. Lakini nilipokuwa nazihesabu nikagundua kitu: hakuna hata moja iliyokuja baada ya kosa. Zote kumi na nne zilikuja kabla. Nikishakosea ananyamaza, ananiacha nipumue, anasema, "Haya, tena." Miaka ishirini mji mzima unamsema kwa makelele yake na hakuna aliyewahi kunieleza hilo. Yule baba wa kwenye mzunguko, sasa najiuliza aliepushwa na nini siku ile.

Jumatatu, 31 Agosti

Kurudi nyuma kati ya mapipa mawili. Pipa moja limekufa.

Jumanne, 8 Septemba

Mwalimu wa shule kaniuliza nani alinifundisha kuangalia vioo hivi. Nikamwambia. Akakaa vizuri kwenye kiti chake.

Jumatano, 16 Septemba

Nimepita! Mtahini aliandika, akaandika, akasema, "Unawapa waendesha baiskeli nafasi kubwa mno." Nikamwambia huwa wanaanguka. Mume wangu kanibeba begani sebuleni, na umri wetu huu.

Mama nilimpelekea habari nyumbani kwake. Alisema, "Vizuri." Akaingia ndani akakaa kidogo. Alipotoka alikuwa ameshaosha uso.

Jumamosi, 19 Septemba

Mawingu yamejikusanya tangu asubuhi, kiangazi kinafunga virago. Nilikwenda kwake saa tatu, nikalifunua gari, nikalikunja paa. Nikapandisha vioo vya milango, nikahakikisha wavu umesimama imara, kipasha joto nikakielekeza miguuni kwake. Kitambaa changu nilikifunga mara moja tu kikakaa. Yeye alisimama mlangoni akitazama kila kitu, akahesabu kimoyomoyo, najua alikuwa anahesabu.

Wiki saba hakuwa ameiona barabara kuu akiwa ndani ya gari hili.

Mwanzoni alikaa kama mtahini. Kila kona mguu wake wa kulia ulikandamiza sakafu, mahali ambapo gari la shule lingekuwa na breki ya pili. Mimi nilijifanya sioni. Kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Lori likatupita, nikashika usukani kama alivyoniambia, likaenda zake. Baiskeli, nikaipa nafasi. Nilingoja kufokewa mara ya kwanza, halafu ya pili, haikuja hata moja. Upepo ulipita juu yetu, tukausikia huko juu unavyovuma, na chini humu tukawa tunasikilizana. Alianza kunieleza shamba hili lilikuwa la nani, daraja lile lilipojengwa yeye alikuwa amembeba mume wangu tumboni na bado anafundisha.

Tulipovuka daraja akanyamaza. Nikaogopa kugeuka, macho yangu yalikuwa barabarani kama inavyotakiwa. Nikasikia kitu kimeanguka sakafuni. Kingine kikafuata. Nikatupa jicho mara moja.

Mama alikuwa amevua viatu.

Mwalimu wa udereva havui viatu garini. Mguu wake hauna likizo, muda wote unangoja kukuokoa. Mume wangu anaweza kuapa hajawahi kuona jambo hilo tangu azaliwe. Yeye akaipandisha miguu yote miwili juu ya kiti, akaikunja, akaegemeza kichwa nyuma, akafumba lile jicho zima na lile bovu, jua likampiga usoni.

"Unakwenda sitini," akasema, bila kufumbua.

"Ndiyo, Mama."

"Ongeza, mwanangu."

Nikaongeza.